Mguu Umegeukia Nje, Kitabu Kinataka Ugeukie Ndani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa radiografia, mwaka wa pili, niko kwenye mafunzo ya vitendo. Aliletwa bibi mmoja aliyeanguka, mguu wa kulia umefupika na umegeukia nje. Fomu iliomba picha mbili za nyonga, ya AP (mionzi ikitoka mbele kwenda nyuma) na ya ubavuni. Kitabu kinasema miguu yote miwili igeuzwe ndani nyuzi 15 hadi 20. Nilipoushika tu ule mguu alipiga kelele, nikaacha. Mkubwa wangu wa zamu akasema nimwambie avumilie, nishike kisigino nigeuze haraka, maana picha ikitoka mbaya nitairudia mimi. Kwa picha ya ubavuni akataka tumlaze bibi kwa upande ulioumia. Alikuwa sahihi? Na kama hakuwa sahihi, picha ya ubavuni ningeipataje?

Jibu: Marahaba. Hakuwa sahihi kwa la kwanza wala la pili, na wewe ulipouachia mguu ulifanya kazi yako.

Mguu uliofupika na kugeukia nje baada ya mtu mzima kuanguka, uhesabu kuwa shingo ya fupa la paja imevunjika mpaka picha ikatae. Baadhi ya mivunjiko hiyo huwa imejibana, kipande kimezama ndani ya kingine, na hapo mgonjwa ana bahati. Ukiuzungusha mguu unaweza kuviachanisha. Mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha fupa hilo imelala juu ya shingo hiyohiyo, kwa hiyo ubabe wa sekunde mbili kwenye kisigino unaweza kumbadilishia bibi aina ya upasuaji atakaofanyiwa. Sasa hapo nani atairudia hiyo picha?

Mpige AP mguu ukiwa vile ulivyo. Trokanta ndogo, kile kinundu cha ndani chini ya shingo ambacho mguu ukigeuzwa ndani hufichika, itajitokeza waziwazi upande wa kulia na shingo ya fupa itaonekana fupi. Andika kwenye fomu: "mguu haukugeuzwa kwa sababu ya maumivu na hofu ya kuvunjika." Msomaji wa picha ataelewa mara moja. Mwalimu anayekukata alama kwa sababu trokanta imeonekana kwa mgonjwa wa ajali, mwombe kwa adabu akuoneshe alivyotaka ifichike.

Nije kwenye jambo linaloniudhi, kwa sababu swali lako naletewa kila wakati, leo ni nyonga, kesho ni shingo, keshokutwa ni bega. Wanafunzi wengi, na wakubwa wao wa zamu, wanaamini kwamba mkao ni wa mgonjwa: unamkunja, unamgeuza, unamvuta mpaka afanane na mtu aliye kwenye kitabu. Yule wa kwenye kitabu ni mzima! Alipanda mezani mwenyewe, alipoambiwa geuka akageuka. Mkao ni uhusiano wa vitu vitatu, yaani mwali wa eksirei, kiungo na kaseti (bapa linalopokea picha). Kiungo kikikataa kusogea, vimebaki viwili vinavyosogea bila kulia. Tyubu, inakotoka mionzi, inazunguka, inapanda, inashuka, inalala. Kaseti unaisimamisha unapotaka. Anayemlazimisha mgonjwa wakati tyubu imening'inia hapo juu bila kazi hajaijua mashine yake.

Picha yako ya ubavuni inapatikana hivi. Bibi abaki chali. Mguu wa kushoto, ule mzima, ndio unaoinuliwa: goti na nyonga vikunjwe, paja lisimame wima kabisa, vinginevyo nyama zake zitaangukia ndani ya picha. Unyayo uweke juu ya kiegemeo maalumu. Usiuweke juu ya tyubu wala kolimeta (kisanduku chake kinachobana mwali), hata kama umeona watu wakifanya hivyo. Vile vitu hupata moto, na mguu ukiteleza mgonjwa mzima anaruka.

Kaseti, pamoja na gridi (wavu unaozuia mionzi iliyotawanyika), isimame wima upande wa kulia, ukingo wake wa juu ukiwa kwenye mkunjo wa juu ya mfupa wa kiuno. Kisha sogeza ukingo wa chini mbali na mwili mpaka uso wa kaseti uwe sambamba na shingo ya fupa la paja. Shingo huioni, lakini unaweza kuitafuta. Gusa ncha ya mbele ya mfupa wa kiuno, gusa ukingo wa juu wa mfupa wa kinena, chora mstari wa kufikirika kati yao, halafu katikati yake telemsha mstari mwingine kwa pembe mraba kuelekea pajani. Huo wa pili unafuata shingo. Mwali ulale kabisa, upite katikati ya mapaja, uigonge shingo na kaseti kwa nyuzi 90. Ndiyo njia ya Danelius-Miller, na ukiikosa mara nyingi kosa liko kwenye kaseti: mtu ameibandika sambamba na kiuno, shingo ikatoka imefupika, kisha akamlaumu bibi.

Jambo dogo linaloharibu picha nyingi za namna hii ni godoro la machela. Mgonjwa anazama, makalio yanashuka chini ya ukingo wa kaseti, sehemu ya nyuma ya mfupa inakatika. Tandika kitu kigumu chini ya nyonga kabla hajalala, au ikiwa ameshalala mwinueni kwa shuka, watu wa kutosha, kwa hesabu ya sauti moja.

Na akija ambaye hawezi kuinua hata mguu mzima, labda kaumia pande zote mbili? Ipo njia ya Clements-Nakayama. Miguu inabaki ilipo, mwali unatokea upande wa ndani wa nyonga iliyoumia ukielekea shingo kwa nyuzi 90, huku umeinamishwa nyuzi 15 kwenda chini, na kaseti inalazwa nyuma kwa nyuzi hizohizo. Ukiinamisha mwali ukaisahau kaseti, gridi itakula mionzi na picha itaharibika.

Kumlaza upande ulioumia hata sitalijadili.

Hilo la "avumilie", hapana. Kabla ya kumgusa, muulize muuguzi amepewa dawa ya maumivu saa ngapi. Kama hajapewa, subirini apewe. Eksirei ya nyonga haiharibiki kwa kuchelewa kidogo. Mweleze bibi kila kitakachosogea kabla hakijasogea: "Bibi, huu mguu unaouma siugusi. Nainua huu mwingine." Utashangaa misuli inavyolegea mtu akijua hakuna atakayemvamia. Mgonjwa aliyekaza mwili kwa hofu hutikisika, na picha iliyotikisika ndiyo unayoirudia. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya mkubwa wako, upole unapunguza kurudia.

Kosa hili halikai kwenye nyonga peke yake. Goti lililoumia: mtu anamlaza mgonjwa ubavu na kupiga kutoka juu, kama kawaida. Goti hilo likiwa na ufa ulioingia ndani ya kiungo, mafuta ya uboho na damu humwagika humo na kutengana, mafuta yakielea juu. Ule mstari kati yao wakati mwingine ndio dalili pekee kwamba mfupa umevunjika, na unaonekana kwa mwali uliolala tu. Aliyepiga kutoka juu amepata picha nzuri ya kitabuni, na mstari ameupoteza. Maji kifuani ni hivyohivyo. Kwa mgonjwa aliyelala chali yanatandazika nyuma ya pafu na kuacha ukungu tu, tena moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo kwa sababu uko mbali na kaseti. Asiyeweza kukaa, mlaze kwa ubavu na ulaze mwali. Na shingo ya majeruhi, kola haivuliwi na fundi wa picha. Unapiga ikiwa imevaliwa, unahakikisha umeiona C7, pingili ya mwisho ya shingo, inapokutana na T1, ya kwanza ya kifua, na usipoiona unaongeza picha nyingine bila kumgeuza kichwa.

Wanaowapoteza wanafunzi siku hizi nawaona. Kuna wauza chati zenye "mikao yote kwenye ukurasa mmoja", na kuna video za dakika moja ambamo kijana mwenye afya anapangwa kama askari wa gwaride. Hakuna hata moja niliyoiona inayokuonesha mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, dripu na mguu uliopinda. Nunua kama unataka kukariri majina. Kwenye chumba cha ajali hazitakufaa kitu.

Wapo pia wataalamu wa "mashine itarekebisha". Hawa ni hatari zaidi kwa kuwa picha zao zinapendeza. Wanafungua kolimeta yote na kuja kukata picha kwenye skrini, ilhali kukata huko hakumrudishii mgonjwa mionzi aliyokwisha kupigwa, na mtawanyiko wa mwali mpana umeshaipunguzia picha ubora. Wanasahau alama ya upande, wanabandika R kwenye kompyuta baadaye kwa kukumbuka. Kisha wanapandisha mAs, yaani kiasi cha mionzi, ili picha isiwe na chenga, maana wamegundua kwamba ditekta (kipokezi cha kidijitali) haifanyi picha kuwa nyeusi kama filamu ya zamani. Kadiri wanavyozidisha ndivyo inavyong'aa, na hakuna anayewakemea.

Namba ya kuwakemea ipo, pembeni mwa picha: DI, inayoonesha mionzi iliyopokelewa imepishana kiasi gani na lengo. Sifuri maana yake umepiga lengo lililowekwa kwa kiungo hicho. Ikisoma +3, ditekta imepokea karibu mara mbili ya ilivyohitaji; −3, karibu nusu. Isome katika kila picha, pamoja na hiyo ya bibi. Ila kabla ya kuiamini tazama kolimeta ilivyobana na kiungo kilivyokaa katikati, kwa sababu chuma cha nyonga bandia au mpaka wa mwali uliotambuliwa vibaya vinaweza kuipotosha. Na mkubwa akikuambia namba hiyo ni ya mafundi wa mitambo, endelea kuisoma.