Maswali ya Wasomaji: Oksidi Nyembamba na Umeme Unaopotea Ndani ya Simu

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu watafiti wanaotengeneza tabaka nyembamba za oksidi changamano, ili vifaa vya elektroniki vitumie umeme kidogo. Tunajibu barua tatu kati ya zilizotufikia kutoka Mtwara na Lindi.

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni fundi simu hapa Chikongola, Mtwara. Wateja wangu wengi hutoka vijijini, ambako chaji ni ya sola, na wanalalamika kwamba chaji inakwisha hata simu ikiwa imewekwa tu. Mliandika kuwa oksidi zinaweza kusaidia. Oksidi ninayoijua mimi ni kutu, itasaidiaje simu?

Ndugu fundi, kutu ni oksidi kweli, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Oksidi huitwa changamano pale oksijeni inapoungana na metali mbili au zaidi kwa mpangilio maalumu, kama vile bariamu na titani zinavyopangana katika bariamu titaneti. Malighafi hiyo unaishika kila siku: vile vikapasita (vihifadhi chaji) vidogo vya rangi ya kahawia, visivyo na maandishi, vilivyotapakaa kwenye bodi ya simu, vingi vyavyo vimejengwa kwa matabaka ya bariamu titaneti.

Simu iliyowekwa tu hula chaji kwa sababu nyingi, zikiwemo kutafuta mtandao na programu zinazoendelea chinichini. Hata hivyo, ndani ya chipu kwenyewe kuna upotevu ambao mtumiaji hawezi kuuzima. Kumbukumbu ya kazi (RAM) huhifadhi kila taarifa kama chaji ndogo katika kapasita inayovuja, kwa hiyo chipu hulazimika kuiandika upya, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64, hata mwenye simu akiwa amelala. Transista nazo, yaani swichi ndogo mno za ndani ya chipu, huvuja kidogo kidogo zikiwa zimezimwa, na kwa kuwa ziko mabilioni, kidogo hicho huwa kingi.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya fuwele ya bariamu titaneti, ambamo atomu zimepangika kwa utaratibu unaojirudia. Ayoni ya titani, yaani atomu yake yenye chaji, imezungukwa na oksijeni sita, lakini katika joto la kawaida haikai katikati kabisa. Husogea upande mmoja kwa takriban sehemu moja ya mia ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ukiweka volteji, ayoni huhamia upande wa pili, na ukiiondoa hubaki pale pale ilipohamia. Upande mmoja ukiuita sifuri na mwingine moja, umepata kumbukumbu isiyohitaji umeme ili kukumbuka. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzuri wote wa jambo hili: kazi ambayo leo inafanywa kwa kuandika upya usiku kucha inafanywa na mpangilio wa atomu wenyewe.

Unene una umuhimu kwa sababu volteji inayohitajika kuihamisha ayoni hupungua kadiri tabaka linavyokuwa jembamba. Katika saketi za kawaida za chipu, volteji ikipunguzwa nusu, nishati ya kila badiliko hushuka hadi robo, na joto hupungua pamoja nayo. Kwa mteja wako wa leo, lakini, betri iliyochoka ibadilishwe tu.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia, Lindi mjini. Tabaka lenye unene wa atomu chache linatengenezwaje, na mtu anajuaje kwamba ameweka moja wala si mbili? Na kama faida ni hizo, mbona haziko madukani?

Mwalimu, njia mojawapo hutumia leza. Kidonge cha oksidi huwekwa ndani ya chemba iliyoondolewa hewa na kuachiwa oksijeni kidogo, kisha mapigo ya leza hukigonga na kurusha wingu la chembe zinazong'aa, ambazo hutua juu ya fuwele iliyopashwa joto la nyuzi 600 hadi 800 za Selsiasi. Kuhesabu hufanyika wakati huo huo. Mwale wa elektroni huelekezwa kwenye uso wa fuwele ukiwa karibu kulala, na mwangaza wa elektroni zinazoakisiwa hutazamwa kwenye skrini. Uso ukiwa laini, mwangaza huwa mkali. Tabaka jipya likifika nusu, uso umejaa vipande na mwangaza hufifia. Likikamilika, hurudi kung'aa. Kila kupanda na kushuka ni tabaka moja, na mtafiti husimamisha leza anapofikia idadi anayoitaka.

Fuwele ya chini nayo ina kauli yake. Atomu za tabaka hulazimika kufuata nafasi za atomu zilizo chini yake, na mvutano huo hubadili tabia. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba stronti titaneti, oksidi changamano nyingine, ambayo kwa kawaida haina ile tabia ya kukumbuka, huipata katika joto la kawaida ikivutwa kwa asilimia moja hivi juu ya fuwele inayofaa. Mwaka huo huo Akira Ohtomo na Harold Hwang walitangaza kwamba oksidi mbili zisizopitisha umeme, zikikutanishwa vizuri, hupitisha umeme kwenye mpaka wao.

Ugumu uko kwenye silikoni, malighafi ya chipu za kawaida. Nafasi za atomu zake hazilingani na za oksidi hizi, uso wake hushika oksijeni haraka mno, na chipu ambayo nyaya zake zimekwisha kuwekwa haivumilii joto linalozidi sana nyuzi 400. Jibu moja lililochapishwa mwaka 2016 linanivutia sana: oksidi hukuzwa juu ya tabaka jingine linaloyeyuka katika maji, kisha huloweshwa, na utando ukishaachia huhamishiwa mahali pengine, silikoni ikiwemo. Lakini si kweli kwamba oksidi mpya hazijafika madukani kabisa. Tangu mwaka 2007 kampuni ya chipu ya Intel ilianza kutumia oksidi yenye metali ya hafni katika transista zake, kwa sababu tabaka la zamani la oksidi ya silikoni lilikuwa limefikia nanomita 1.2 na lilivuja mno. Hiyo si oksidi changamano, ila mwaka 2011 ilitangazwa kwamba nayo, ikichanganywa na silikoni kidogo, huwa na kumbukumbu ya aina niliyomweleza fundi hapo juu.

Shikamoo Mhariri. Nasoma kidato cha sita, Masasi. Liganga, Ludewa, kuna madini ya titani na vanadi. Je, tunaweza kuuza madini kwa kazi hii? Na nikasome wapi?

Marahaba. Madini hayo yapo, na vanadi ina oksidi ya ajabu, ambayo kwenye nyuzi 68 hivi hugeuka ghafla kutoka hali ya kuzuia umeme hadi hali ya metali. Lakini piga hesabu: tabaka la bariamu titaneti lenye unene wa nanomita 10, likifunika mita moja ya mraba, lina uzito usiofika hata gramu 0.1. Kinacholipwa hapa ni usafi wa malighafi na ujuzi wa kuipanga, si tani. Soma fizikia, kemia na hisabati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa tabaka nyembamba za nishati ya jua kwa miaka mingi, na Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, inafundisha sayansi ya mali ghafi na nishati katika shahada za juu. Ukifika, omba kwanza kujifunza pampu za kuondoa hewa na namna ya kutafuta mahali chemba inapovuja, maana chemba ikivuja hakuna tabaka litakalofaa.