Muyaka alikuwa malenga wa nani?

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili hapa barazani Kibokoni. Waniuliza: Waingereza wana malenga wao wa mfalme tangu karne ya 17, je, Muyaka wetu, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, alikuwa malenga wa nani? Na mwenzako chuoni asema alikuwa mpiga zumari tu wa Wamazrui, ule ukoo uliotawala Mombasa, asipewe nafasi kubwa katika historia ya fasihi.

Tuanze na hao wa kule. John Dryden alipewa cheo hicho 1668. Utawala ulipopinduka 1688, akakataa kuwalia kiapo wafalme wapya, akavuliwa, na cheo akapewa Thomas Shadwell, mtu ambaye Dryden alikwisha kumtungia shairi zima la kumkejeli. Leo wengi wamjua Shadwell kwa kejeli ile kuliko kwa kalamu yake mwenyewe. Thomas Gray aliletewa cheo 1757, akakikataa. Wordsworth alikipokea 1843, umri miaka 73, baada ya kuhakikishiwa kwamba hatadaiwa utungo wowote. Yale mashairi yaliyomjenga alikuwa keshayatunga zamani. Tennyson alikishika tangu 1850 hadi alipofariki 1892, na kwake naona cheo na kipaji vilikwenda pamoja. Mwanamke wa kwanza, Carol Ann Duffy, alikipata 2009. Zaidi ya karne tatu, mwanangu! Kwa hiyo orodha ile yaonyesha nani alipendwa na jumba la mfalme. Nani alikuwa bingwa ni swali jingine.

Sasa Muyaka bin Haji. Mwenzako hakusema uongo, amesema nusu. Ni kweli Muyaka alisimama na Wamazrui waliposhika Ngome ya Mombasa, akawatupia watu wa Lamu mashairi ya vita, akamkabili na Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja. Kazi ya malenga wa mfalme aliifanya, tena vizuri, ingawa hakuna aliyemwandikia hati ya cheo. Lakini Wamazrui waliangushwa 1837, yeye mwenyewe akafa miaka michache baadaye. Kama angekuwa wa ngomeni tu, angezikwa nao.

Aliyemhifadhi ni nani? Nyanyako, Mungu amrehemu, hakusoma hata darasa moja la skuli. Tulipokuwa watoto tukimnunia, alikuwa akitutolea lile shairi la kimya, kwamba kimya kina mshindo, tujihadhari nacho. Miaka mingi nilidhani ni maneno yake. Nilipolikuta kitabuni nikiwa mwalimu kijana, nilifunga kitabu nikakaa nikilia. Kwa sababu Muyaka alitunga pia juu ya mapenzi, njaa, urafiki, mambo ya nyumbani na ya sokoni, wakati ambapo tungo nyingi kubwa zilizoandikwa zilikuwa tenzi za dini. Hayo ndiyo watu waliyoyabeba. Yale ya vita leo huwezi kuyafahamu bila maelezo ya mwalimu.

Kutoka vinywani mwa watu ndiko Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikoyakusanya mwishoni mwa karne ya 19, akayaandika na kumfafanulia mmishonari William Taylor. Mhariri William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka 1940. Mimi jina la Sikujua nalitaja darasani kila mara, maana bila yeye tusingekuwa na mjadala huu.

Na usiende mbali, mtazame Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa hii hii. Serikali ya Kenyatta ilimfunga 1969 hadi 1972 kwa waraka aliouandika, naye akatunga gerezani juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1974 diwani hiyo, *Sauti ya Dhiki*, ikapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta. Mwambie mwenzako hilo, kisha umuulize ikulu inamweka malenga wapi.

Shangazi yako wa Kuze ndiye pekee aliyebaki anayelisema shairi la kimya kama alivyolisema nyanyako, na mstari mmoja wake hauko kama ulivyo kitabuni. Ukija Idi, njoo na simu yenye nafasi, twende tukamrekodi asubuhi. Jioni sauti yake siku hizi hupwa mapema.

Babako