Umbali unazidi badala ya kupungua: kizidisho cha skeli katika programu ya upimaji

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpima ardhi kijana, nafanya kazi hapa Tanga. Nimepima mstari mrefu kati ya alama mbili za msingi upande wa Pongwe, zote zikiwa na koordineti za Arc 1960 (mfumo wa rejea wa vipimo vya Afrika Mashariki), kwenye UTM (gridi ya ramani bapa) kanda ya 37 Kusini. Kifaa kimenipa umbali wa mlalo wa mita 2,412.380, ilhali umbali unaotokana na koordineti ni mita 2,411.389. Mwinuko wa wastani wa mstari ni mita 60, na kwenye kifaa niliweka joto la nyuzi 31 na kanieneo ya hektopaskali 1,008. Nilipoingiza marekebisho katika programu niliyoiandika mwenyewe nikapata mita 2,413.368, yaani tofauti imekuwa maradufu. Je, alama zimesogezwa, au kosa ni langu?

Jibu: Marahaba. Alama hazijasogea, na kazi yako ya uwandani ni nzuri kuliko unavyodhani. Kosa liko katika programu, tena mahali pamoja tu: umegawanya pale ulipopaswa kuzidisha.

Tuuchukue mstari wako wenyewe. Umbali uliopimwa kwa kifaa uko juu ya ardhi, kwenye mwinuko wa mita 60, lakini umbali wa koordineti uko kwenye karatasi ya UTM, na kati ya viwili hivyo zipo hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kuuteremsha umbali kutoka mwinuko wake hadi uso wa elipsoidi, yaani umbo laini la kihesabu linalowakilisha dunia. Tukichukua nusu kipenyo cha dunia kuwa mita 6,371,000, kizidisho cha mwinuko ni 6,371,000 kugawanya kwa 6,371,060, ambacho ni 0.9999906. Hatua ya pili ni kuutoa umbali kwenye elipsoidi na kuuweka kwenye karatasi. Longitudo ya kati ya kanda ya 37 ni nyuzi 39 Mashariki, nayo inapita karibu kabisa na Pongwe, kwa hiyo kizidisho cha skeli (uwiano wa umbali wa kwenye karatasi na ule wa kwenye elipsoidi) hapo ni 0.9996 bila nyongeza yoyote ya kuhesabika. Ukizidisha viwili hivyo unapata kizidisho cha pamoja cha 0.9995906, na mita zako 2,412.380 zinakuwa 2,411.392. Tofauti na umbali wa koordineti ni milimita 3 katika kilomita mbili na nusu kasoro. Mstari wa namna hiyo mimi ningeupokea kwa mikono miwili.

Programu yako imekuwa ikigawanya kwa 0.9995906, ndiyo maana tofauti imeongezeka kwa kiasi kilekile ilichopaswa kupungua. Jizoeze kuisoma dalili hii, maana inakueleza aina ya kosa kabla hata hujafungua programu. Tofauti ikiwa maradufu na umbali ukawa mrefu zaidi, umegawanya. Umbali ukiwa mfupi kuliko wa koordineti kwa karibu kiasi kilekile ulichokuwa umezidi mwanzoni, yaani kwa mstari wako ungepata takriban mita 2,410.405, basi marekebisho yamefanyika mara mbili: kifaa kimerekebisha, kisha programu ikarudia. Kosa hilo la pili nimelikuta mara nyingi zaidi katika kazi za watu, kwa sababu kizidisho cha skeli kinaweza kuwekwa kwenye kifaa, kwenye daftari la kielektroniki na kwenye programu ya ofisini, na kila mmoja anadhani mwenzake hajakigusa. Katika kazi moja tuliyoletewa tuihakiki, traversi (mfululizo wa mistari iliyopimwa kwa kufuatana) ilifunga vizuri kwa pembe lakini miguu yote ya urefu ilikuwa mifupi kwa sentimita 40 katika kila kilomita. Tulipoteza siku mbili tukirudia vipimo katika jua la mchana, kumbe kifaa kilikuwa kimeachwa na 0.9996 ndani yake.

Kwa sababu hiyo nakushauri kizidisho cha skeli katika kifaa kiwe 1.000000 daima. Kifaa kibaki na kazi ya mambo ya pale pale uwandani, yaani kiwango cha prizma (marekebisho ya kioo kinachorudisha mwanga kwenye kifaa) pamoja na joto na kanieneo ya hewa. Hili la hewa usilidharau katika pwani yetu. Nyuzi moja ya joto inabadilisha umbali kwa takriban milimita moja kwa kilomita. Kifaa kilichowekwa nyuzi 15 kikatumika katika nyuzi 31 kingeufanya mstari wako uwe mfupi kwa karibu sentimita 4, wakati marekebisho ya mwinuko wa mita 60 ni sentimita 2 na kidogo tu. Zile milimita 3 zako zinanionyesha kwamba joto uliliandika kwa uaminifu. Katika faili ghafi hifadhi umbali wa mteremko, pembe ya wima, joto na kanieneo, ili siku likizuka swali uweze kuikokotoa kazi upya tangu mwanzo.

Jambo la pili katika programu yako ni kwamba 0.9996 imeandikwa ndani yake kama namba isiyobadilika. Pongwe haitakusumbua, lakini mteja wako wa kesho anaweza kuwa Lushoto. Huko uko karibu kilomita 79 magharibi ya longitudo ya kati na mwinuko ni wa takriban mita 1,400. Kizidisho cha skeli kinapanda kuwa 0.99968, cha mwinuko kinashuka kuwa 0.99978, na kwa pamoja unapoteza takriban sentimita 54 kwa kilomita badala ya 41. Ukifika Kilosa, ambako ni kanda ileile, kizidisho cha skeli kimeshavuka 1, kwa hiyo projeksheni (njia ya kuihamishia dunia kwenye karatasi) inaurefusha umbali badala ya kuufupisha. Programu ikikokotoe yenyewe kwa kila mstari: toa 500,000 kwenye koordineti ya Mashariki ya katikati ya mstari, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa mara mbili ya mraba wa nusu kipenyo cha dunia, ongeza 1, kisha zidisha kwa 0.9996. Kwa mistari ya kawaida ya mpima ardhi kanuni hiyo inatosha. Marekebisho ya kupinda kwa mstari kwenye karatasi usijisumbue nayo hapa Tanga, kwani hayafiki hata sekunde moja ya pembe.

Kuna hatari moja ambayo ulinganisho wa umbali hautakuonyesha. Arc 1960 imejengwa juu ya elipsoidi ya Clarke ya 1880, na koordineti za WGS84 (mfumo unaotumiwa na GPS) za alama ileile zinatofautiana nayo kwa takriban mita 300 upande wa kaskazini na kusini. Alama zote mbili zikichukuliwa kimakosa kuwa za WGS84, umbali kati yake unabaki vilevile, uhakiki wako unapita, na kiwanja kizima kinahamia shamba la jirani. Kwa hiyo andika msimbo wa mfumo ndani ya faili: 21037 kwa Arc 1960 na 32737 kwa WGS84, zote za UTM kanda ya 37 Kusini, na programu ikatae kuendelea inapokuta mchanganyiko. Vivyo hivyo kwa mwinuko: GPS inasoma kutoka kwenye elipsoidi, ambayo katika pwani yetu iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20, hivyo usishtuke ukisimama ufukweni Raskazone ukaona mwinuko hasi.

Mwisho, kumbuka eneo. Upungufu wa umbali unaingia mara mbili katika eneo, kwa hiyo shamba la mkonge lenye hekta 100 juu ya ardhi litapungua kwa karibu mita za mraba 800 likikokotolewa kutoka kwenye koordineti, na hicho ni kiwanja kimoja kizuri cha kujenga nyumba. Andika kwenye ramani kama eneo ni la gridi au la ardhini. Na utakapokwenda kupandikiza bikoni (alama za mipaka) kutoka kwenye koordineti za ramani, hapo ndipo ile hesabu yako ya kugawanya inapohitajika, kwa hiyo usiifute: ihamishie katika sehemu ya programu inayotoa umbali wa kupandikiza, na sehemu ya kupokea vipimo ibaki ikizidisha.