"Atapata hasara" ya 1 Wakorintho 3:15, ni kuadhibiwa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Kuna ndugu kwenye feloshipu yetu anasema lile neno la Kigiriki la "atapata hasara" maana yake ni ataadhibiwa, kwahiyo mtu ambaye kazi yake ikiteketea ataadhibiwa kwanza ndo aokolewe. Tangu siku hiyo nimekosa amani, naomba unisaidie.

JIBU: Amina dada yangu. Huyo ndugu hajabuni, neno lenyewe ni zemioo na kweli kwa Wagiriki lilikuwa pia na maana ya kutozwa faini, hata kwenye Agano la Kale la Kigiriki, Kumbukumbu 22:19, yule mume aliyemsingizia mkewe anatozwa shekeli 100 za fedha na kitenzi ni hichohicho. Lakini neno likiwa na maana mbili huwezi kujichagulia unayoitaka, unaangalia limekaa wapi.

Na Paulo analipenda hili neno kwa maana ya kibiashara, hasara na faida. Soma Wafilipi 3:8, "nimepata hasara ya mambo yote", ni zemioo hiyohiyo, na hapo hakuna aliyemwadhibu, yeye mwenyewe ndo kaachilia vitu ili ampate Kristo. Halafu nenda Matendo 27, ile safari ya Rumi, mimi hapa ndo pananisaidia kuliko pote, maana nomino yake zemia ipo mstari wa 10 na wa 21, Paulo anawaonya kuhusu hasara ya shehena na merikebu na hata maisha yao, hawakumsikia, dhoruba ikaja, shehena ikatupwa, ngano ikatupwa baharini, merikebu ikavunjika, ila watu wote 276 wakafika nchi kavu, wengine wameshikilia mbao tu. Wamefika lakini mikono mitupu. Ndicho anachosema kwa Wakorintho, "yeye mwenyewe ataokolewa, lakini ni kama kwa moto".

Utaniuliza, mbona Mathayo 16:26 kitenzi hichohicho kinahusu hasara ya nafsi? Ni kweli, ila pale Yesu mwenyewe ameitaja nafsi. Kwenye 3:15 kilichoungua kimetajwa, ni kazi, ambayo Paulo anaifananisha na jengo la miti na majani na mabua, na mstari wa 14 unasema ambaye kazi yake itakaa atapata thawabu, kwahiyo huyu mwingine anachokosa ni thawabu. Ndugu zetu Wakatoliki wanausoma mstari huu pamoja na fundisho la toharani, yaani kutakaswa baada ya kufa kabla ya kuingia mbinguni, nawaheshimu, lakini mimi naona moto hapa unapima kazi ya kila mtu, hata ile ya dhahabu inapita humohumo.

Mstari wa kuuogopa ni wa 17, "kama mtu akiliharibu hekalu la Mungu, Mungu atamharibu mtu huyo". Hapo Paulo kabadilisha kitenzi, sio zemioo tena ni phtheiro, kuharibu, na mtu huyo hajaambiwa ataokolewa.