Wazazi kuzeekea Uingereza: sisi tulivyopata watu hapa Leicester

Mkuu, umeuliza kama wazazi wako wakibaki Uingereza baada ya kustaafu upweke utawamaliza, maana wewe unahamia Kanada na ndugu wengine wote wako Dar. Mimi nina miaka 69, mtu wa Tanga, mke wangu Mchaga wa Marangu. Tuko Leicester tangu 1999. Nakusimulia yetu, wewe utapima.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu ulikuwa mbaya. Nilijiona nina marafiki tele, kumbe ni watu wa kazini. Nilikuwa dereva wa basi, na siku nilipokabidhi basi la mwisho ni kama niliwakabidhi na wao. Watanzania wenzetu wapo, ila wengi bado wanapiga zamu za usiku. Tunaonana misibani, harusini, na kwenye kundi la WhatsApp michango ikitangazwa. Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Wazee wawili, sebule moja, rimoti moja. Tulifika mahali tunagombana kwa ajili ya chumvi ya mboga.

Jirani yetu ni mama wa Kiingereza, mjane. Mke wangu akampelekea vitumbua. Siku mbili baadaye sahani ikarudi, imeoshwa inang'aa, juu yake kadi ya kushukuru. Kadi! Kwetu sahani hairudi tupu, hata uweke ndizi mbili. Mke wangu alinuna wiki nzima. Ilituchukua muda kuelewa kwamba yule mama, kukaa chini akaandika kwa mkono wake, alikuwa ametupa heshima kubwa. Na siku nilipoteleza kwenye barafu, ndiye aliyetoka na blanketi kabla mke wangu hajavaa viatu. Lakini mpaka leo hatuendi kwake bila kupiga simu kwanza. Hodi ya ghafla inawashtua.

Kilichotuokoa ni kadi ya basi. England ukifikia umri wa pensheni, ambao ni 66 na unaelekea 67, unapanda basi bure, ila siku za kazi ni kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Dakika tano kabla, wazee wamejaa kituoni kama wanasubiri mgao wa sukari. (Nimewahi kuwazuia mlangoni mwenyewe, Mungu anisamehe.) Basi tukawa tunakwenda mtaa wa Belgrave Road bila shughuli yoyote. Maduka mengi kule ni ya Wagujarati, Wahindi wa asili ya Gujarat. Kuna ambao familia zao Amin aliwapa siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972, wengine walitoka Kenya na kwetu. Wanauza "mogo", na usidhani ni Kigujarati, ni muhogo wetu ule ule. Mke wangu anachagua, nyuma yetu mzee mmoja akasema: "Hiyo mbovu. Wacha. Chukua hii." Tuligeuka wote wawili kwa pamoja.

Ni mzaliwa wa Jinja, Uganda. Mwaka ule wa 1972 halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije, mji umejaa. Yeye anasema jina la Leicester alilijulia kwenye tangazo hilo. Siku hizi tunakunywa chai kwake kila Jumanne, na Diwali tuko huko. Sahani inakwenda na maandazi, inarudi na chevda, ule mchanganyiko wao wa vitafunwa vikavu.

Kitu kimoja kilitukwaza. Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuamrisha: lete, weka, ngoja, funga mlango. Siku moja mke wangu akashindwa kuvumilia: "Kaka, hiki Kiswahili ulikuwa unaongea na nani?" Mzee akatazama kikombe chake. "Na mpishi," akasema. "Na dobi." Akataja majina yao, bado anayakumbuka. Chai ile tuliimaliza kimya.

Sasa wazazi wako. Wakihamia Tanzania moja kwa moja, pensheni ya serikali ya huku wataendelea kulipwa, ila kiwango kitaganda pale pale. Haipandi kila mwaka kama ya aliyebaki. Wapige hesabu hiyo kabla ya kukata tiketi. Wakibaki, watafute nyumba iliyo karibu na kituo cha basi, vyumba vingi vya nini? Na kila mmoja awe na watu wake. Mke wangu ana kwaya ya kanisani, mimi nina kakiwanja ka kulima tunakokodi kwa halmashauri (mchicha mwezi wa Julai unakubali kuliko unavyodhani), jioni tukikutana tuna ya kusimuliana.

Yule mzee mke wangu anamfundisha kusema "naomba". Jumanne iliyopita mezani akajikohoza, akajitayarisha: "Dada, naomba lete chumvi." Ndipo tulipofikia.