NAS ya bei nafuu kwa seva ya mashine pepe: kipi kihamie, kipi kibaki

Ndugu muulizaji wa Mbarara, umeeleza kwamba duka lenu la jumla lina seva moja ya Proxmox (programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu, ndani ya seva moja) yenye mashine pepe tatu, yaani ya hesabu, ya mafaili na ya kamera, na kwamba diski zake zinakaribia kujaa. Umeuliza kama NAS (kasha la diski linalotumiwa kupitia mtandao) ya diski mbili inaweza kuzibeba zote, na kama utumie NFS (njia ya kushiriki mafaili mtandaoni) au iSCSI (njia ya kuipa seva diski nzima kupitia mtandao). Ninahudumia kampuni ya vipuri karibu na soko la Kisekka hapa Kampala yenye mpangilio unaofanana na wako, na jibu langu ni kwamba NAS itakufaa, ila mashine ya hesabu iache palepale ilipo, kwenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya seva.

Mtandao wa gigabiti moja hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kabisa kwa mafaili na kwa picha za kamera. Hifadhidata ya hesabu haifanyi kazi hivyo. Huandika vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila mara husubiri kuhakikishiwa kwamba kipande kimefika kwenye diski kabla ya kuendelea na kingine. Diski ya kuzunguka humudu takriban shughuli mia moja tu za namna hiyo kwa sekunde, na kuziweka mbili kwa RAID 1, yaani moja ikiwa nakala ya nyingine, hakuongezi kasi ya kuandika, kwa kuwa kila kitu huandikwa kwenye zote mbili. Matokeo yake ni kwamba karani ataona skrini ikiganda kila anapohifadhi ankara, ilhali wewe ukipima kasi kwa kunakili faili kubwa utaona kila kitu ni kizuri. Wapo watakaokushauri uwashe async upande wa NAS, yaani ithibitishe kupokea maandishi kabla hayajafika kwenye diski. Kasi itapanda kweli, lakini umeme ukikatika, maandishi ambayo seva imeambiwa yako salama yanaweza kupotea yakiwa bado kwenye kumbukumbu ya NAS. Kwa daftari za fedha sikubaliani na ushauri huo hata kidogo.

Kwa seva moja, chagua NFS. Diski ya kila mashine pepe hukaa humo kama faili la qcow2, kwa hiyo unaweza kuhifadhi hali ya mashine kabla ya kusasisha programu na kuirudisha mambo yakiharibika. iSCSI hukupa diski tupu ambayo itabidi uipange mwenyewe kwa LVM (zana ya Linux ya kugawa diski), na ikitokea mtu akaiunganisha na kompyuta nyingine yenye mfumo wa kawaida wa mafaili, data itavurugika. Faida yake kubwa ni kutumia kebo mbili kwa pamoja, jambo ambalo duka lako halilihitaji.

Kebo ya NAS isipite kwenye swichi moja na kamera na kompyuta za mauzo. Tumia mlango wa pili wa mtandao wa seva, uunganishe na NAS moja kwa moja, kisha uzipe pande hizo mbili anwani za peke yake, kwa mfano 10.10.10.1 na 10.10.10.2. Ndiyo maana ni vyema kununua NAS yenye milango miwili, ili wa pili ubaki kwa usimamizi. MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti za mtandao, iache 1500. Dukani, uliza namba kamili ya modeli ya diski na uhakikishe si ya SMR, yaani inayoandika data kwa mistari inayopandana. Mwaka 2020 Western Digital yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa za aina hiyo, na hizo huchukua muda mrefu mno kujijenga upya ndani ya RAID.

Kwetu Uganda, suala la umeme lina uzito kuliko hayo yote. UPS (betri ya akiba) ibebe seva na NAS kwa pamoja, na hata kama mna jenereta, usiiache UPS, kwa sababu sekunde chache za kubadilisha chanzo cha umeme zinatosha kuharibu mashine pepe. Mpangilio wa kuzima ndio wengi huusahau: seva lazima izime kwanza, NAS baadaye. NAS nyingi za Synology na QNAP husoma hali ya UPS kwa kebo ya USB na kuisambaza mtandaoni kupitia NUT (programu ya kufuatilia UPS), nayo Proxmox, kwa kuwa imejengwa juu ya mfumo wa Linux wa Debian, huipokea taarifa hiyo ukishasakinisha programu ya NUT. Umeme ukirudi mambo hugeuka, NAS ndiyo itangulie. Iambie Proxmox ingoje dakika kadhaa kabla ya kuwasha mashine pepe, la sivyo zile zinazotegemea NFS zitashindwa kuwaka na utapigiwa simu alfajiri.

Nafasi itakayobaki kwenye NAS itumie kwa nakala za kila usiku za mashine ya hesabu. Mashine ya mafaili, kwa kuwa sasa itaishi humo humo kwenye NAS, nakala yake iweke kwenye diski ya USB inayolala nje ya duka.