Shaba ilivyokula misumari ya usukani wangu

Usukani wa mashua yangu ulilegea tukiwa tunaukaribia mlango wa mto Pangani, kusi inavuma. Tuliingia kwa makasia. Maji yalipokupwa nikajilaza mchangani nyuma ya chombo kutazama. Bamba la shaba nililolifunga mwenyewe miezi tisa nyuma lilikuwa zima, nikilisugua kwa kidole linang'aa. Misumari ndiyo iliyokwisha. Mmoja niliushika ukatoka bila koleo: mweusi, umekonda kama njiti ya kiberiti, kichwa kimeliwa chote.

Nilitumia misumari ya chuma kwa sababu ile ya shaba ilikuwa ghali. Fundi mmoja mzee akaja, akatazama, akacheka. "Mwanangu, shaba imekula misumari." Nikadhani ni utani.

Kumbe ndivyo ilivyo. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya bahari, yenye chumvi kama gramu 35 kwa lita, zinakuwa betri. Ile dhaifu huyeyuka kidogo kidogo, yenye nguvu hubaki salama. Dhaifu kuliko zote tunazotumia ni zinki, ikifuatiwa na alumini, kisha chuma, halafu shaba njano na nyekundu. Stenlesi nzuri iko mwisho kabisa. Ukubwa nao una hesabu yake: bamba pana la shaba na kimsumari cha chuma, msumari haufiki mbali. Ukigeuza, msumari wa shaba kwenye bamba kubwa la chuma, madhara hutawanyika na huenda usiyaone kwa muda mrefu.

Waingereza walijifunza hili kwa gharama kubwa kuliko yangu. Mwaka 1761 waliivika manowari yao Alarm mabamba ya shaba kuzuia wadudu wa mbao. Iliporudi kutoka West Indies, visiwa vya Karibi, misumari mingi ya chuma ilikuwa imekwisha. Iliyopona ni ile ambayo karatasi ya kufungia mabamba ilibaki katikati, ikaizuia isiguse shaba. Karatasi tu! Kwa hiyo ukilazimika kuchanganya, weka mpira au plastiki katikati, pamoja na bushi, kibomba cha plastiki, kwenye tundu la bolti.

Udhaifu wa zinki tunautumia kwa faida. Kile kipande kilichofungwa kwenye mashine ya boti kimewekwa kiliwe badala ya alumini ya mashine yenyewe. Usikipake rangi. Nimeona vijana wakipaka mashine nzima mpaka zinki, wakajisifu kwamba zinki yao haiishi. Haiishi kwa sababu haifanyi kazi. Kikibaki nusu, badilisha.

Stenlesi ndiyo inayodanganya watu wengi. Dukani utapewa sumaku ujaribu, isiponata unaambiwa ni ya baharini. Stenlesi za namba 304 na 316 zote kwa kawaida hazinati, lakini 316 ina metali iitwayo molibdenamu na ndiyo inayostahimili chumvi. Ulizia namba. Na hata hiyo inahitaji hewa: ngozi yake nyembamba hujitengeneza upya kwa oksijeni. Ikifunikwa na magamba au kamba iliyoloa siku zote, hutobolewa vishimo kwa ndani huku juu inang'aa.

Shaba njano ni nzuri juu ya sitaha, lakini chini ya maji siipendi. Zinki iliyomo hutoka, kinachobaki kinageuka rangi ya waridi na kuvunjika kama biskuti. Vali iliyo chini ya maji ikianza wekundu huo, itoe kabla haijakutoa wewe.

Chuma cha kawaida huoza zaidi pale mawimbi yanaporuka, panaloa na kukauka, kuliko chini kabisa. Mnyororo wa nanga ukague huko juu kwanza.

Na mashine ikitoka baharini, iwashe ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi kwa dakika kumi, hata kama umechoka na samaki wanasubiri barafu.